Mshenga Amefika, Bibi Harusi Hayupo

Programu yenyewe ni fupi, haifiki hata mistari thelathini. Inafungua muunganisho na seva ya MySQL, inauliza majina ya wateja, inayachapa kwenye skrini, kisha inafunga. Umeinakili kitabuni kwa uangalifu, umehesabu mabano na nuktamkato, halafu ukaandika amri uliyoizoea tangu siku ya kwanza ya kujifunza C:

gcc wateja.c -o wateja

Jibu linalokuja, kwa kifupi, ni hili:

/usr/bin/ld: /tmp/ccQ7xK2a.o: in function `main':
wateja.c:(.text+0x1a): undefined reference to `mysql_init'
wateja.c:(.text+0x5c): undefined reference to `mysql_real_connect'
wateja.c:(.text+0x8f): undefined reference to `mysql_query'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Vijana wengi niliowaona wakikutana na maneno haya hurudi mbio kwenye wateja.c na kuanza kuparura. Wanafuta mstari, wanaurudisha, wanaongeza #include nyingine juu kabisa. Mmoja aliiondoa seva nzima ya MySQL na kuipakua upya, akateketeza kifurushi chake cha data cha wiki, na alipomaliza akalikuta kosa linamngoja palepale. Alichokuwa amekosa ni neno moja mwishoni mwa amri.

Kwa aliye na haraka, dawa ya kawaida ni hii:

gcc wateja.c -o wateja $(mysql_config --cflags --libs)

Ikikubali, nenda kanywe chai. Isipokubali, tukae chini tuongee, kwa sababu kosa hili lina sura nyingi na kila sura ina dawa yake.

Kwanza angalia ni nani anayelalamika. Mstari wa kwanza unaanza na /usr/bin/ld. Huyo si kompaila. gcc ni kama msimamizi wa ujenzi, yeye mwenyewe hashiki mwiko: humwita kompaila aigeuze C kuwa lugha ya mashine, halafu humwita ld, ambaye kazi yake ni kuunganisha vipande kuwa programu moja. Lile faili la /tmp lenye herufi za ovyo na mkia wa .o ni kipande ambacho kompaila alikwisha kukimaliza na kukikabidhi. Maana yake C yako imesomwa, imeeleweka na imepita. Kuendelea kuihariri ni kumpeleka hospitali mtu asiyeumwa.

Sasa kwa nini kompaila aliridhika na mysql_init, halafu ld akaikataa? Fikiria posa. Faili la kichwa, mysql.h, ni mshenga. Linakwambia kuna funksheni inaitwa hivi, ukiiendea upeleke hiki na kile, nayo itakujibu kwa kitu cha aina fulani. Kompaila hutosheka na maneno ya mshenga, kwa kuwa anachokagua ni adabu tu: je, umepeleka vinavyotakiwa, kwa mpangilio unaotakiwa? Lakini ld ndiye shekhe aliyekuja kufungisha ndoa, na shekhe hamwozeshi mtu kwa habari za mshenga. Anamtaka bibi harusi. Bibi harusi huyo, yaani mwili halisi wa mysql_init, yumo ndani ya faili jingine kabisa, maktaba inayoitwa libmysqlclient. Hakuna aliyemwambia ld akaitafute humo. Kuandika #include <mysql.h> hakumwambii chochote. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hasa waliotoka kwenye Python au Java, ambako kuitaja maktaba na kuipata ni jambo moja.

Kwa hiyo unamtajia maktaba kwa -l. Jina huandikwa bila lib ya mwanzo na bila mkia: -lmysqlclient humfanya atafute libmysqlclient.so au libmysqlclient.a. Kwa PostgreSQL ni -lpq, kwa SQLite ni -lsqlite3. Ukiandika -llibpq atatafuta liblibpq, asiione, na atakwambia cannot find -llibpq. Ukiandika -lpostgresql kwa kuwa ndilo jina unalolijua, yatakukuta hayo hayo.

Na hapo tutenganishe makosa ambayo watu huyachanganya. Ukiona fatal error: mysql.h: No such file or directory, hata mshenga hajafika, faili la kichwa halionekani. Ukiona cannot find -lmysqlclient, jina umelitaja lakini faili la maktaba halionekani. Yote mawili kwa kawaida huisha kwa kusakinisha kifurushi cha wasanidi: libmysqlclient-dev kwenye Ubuntu, default-libmysqlclient-dev kwenye Debian, na libpq-dev au libsqlite3-dev kwenye zote mbili. Kusakinisha mysql-server hakutoshi. Seva ni ya kuhudumia, kifurushi cha dev ni cha kujengea. Lakini undefined reference ni jambo la tatu, na ushauri wangu mkubwa katika makala haya ndio huu: kabla hujagusa chochote, soma majina yote ya funksheni zilizokosekana. Orodha ile ambayo macho yako huiruka ndiyo cheti cha daktari.

Tuanze na hali ambapo majina yote ya hifadhidata yamekosekana, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hapo maktaba haikusomwa kabisa. Ama hukuitaja, ama uliitaja mahali pasipofaa. Hili la pili ndilo linalowatoa watu jasho, maana mtu anakuonyesha amri yake na -lmysqlclient imo:

gcc -lmysqlclient wateja.c -o wateja

Ipo kweli, ila imekaa mbele. ld husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia akiwa na daftari la madeni. Akikutana na faili la .o, huandika majina yote yanayodaiwa. Akikutana na maktaba, huangalia daftari na kuchukua kile tu kinachodaiwa wakati huo, kisha husonga mbele na harudi nyuma. Katika amri hiyo ameifikia maktaba daftari likiwa tupu. Hakuna deni, hakuna cha kuchukua, akaipita. Alipofika kwenye wateja.c na madeni yakaandikwa, duka lilikuwa limekwisha kupitwa. Kanuni basi ni kwamba anayedai hutangulia na anayelipa hufuata:

gcc wateja.c -o wateja -lmysqlclient

Kuna sababu kosa hili huleta ugomvi kati ya mwalimu na mwanafunzi. Kwa maktaba za kudumu, zenye mkia wa .a, mpangilio umekuwa ukihesabiwa tangu zamani. Kwa maktaba za pamoja, zenye mkia wa .so, mifumo mingi ya Linux ilivumilia mpangilio mbovu. Ubuntu iliacha kuvumilia kuanzia toleo la 11.10, lilipoanza kumpa ld agizo la --as-needed bila mtu kuomba, yaani asibebe maktaba ambayo hakuna aliyeihitaji kabla yake. Kwa hiyo amri ile ile iliyokubali kwenye kompyuta ya mwalimu inagoma kwenye ya mwanafunzi, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Wote wanasema kweli. Ukiweka maktaba mwisho, inakubali kote.

Makefile nazo zina mtego wao hapa, na nimeuona hata kwenye miradi ya watu wazima. Mtu anaandika LDFLAGS = -lpq, na kwa kuwa jina linaanza na LD anaona amefanya kazi ya ld barabara. Lakini kanuni za ndani za GNU make huziweka LDFLAGS kabla ya mafaili ya .o, na LDLIBS baada yake. LDFLAGS ni za njia, kama -L/usr/local/pgsql/lib. Majina ya maktaba yana pahala pao:

LDLIBS = -lpq

Na wale wanaobonyeza kitufe cha kuendesha ndani ya kihariri kama VS Code au Code::Blocks: kitufe hicho nacho huandika amri ya gcc kwa niaba yako, na hakijui habari za hifadhidata yako. Tafuta mahali pa kuongezea maktaba. Kwenye Code::Blocks ni katika mipangilio ya kuunganisha, kwenye VS Code ni ndani ya tasks.json, mwishoni mwa orodha ya args. Binafsi ninamshauri anayejifunza aanze kwenye terminali hadi amri imkae mkononi, ndipo akiamini kitufe.

Hali ya pili ina utamu wake. Majina mengi yamepatikana, mawili matatu tu ndiyo yamekosekana. Hapa usiongeze -l nyingine. Maktaba imeonekana na imesomwa, tatizo ni kwamba siyo ile uliyodhani. Chukua mfano wa PostgreSQL. Toleo la 14, la mwaka 2021, lilileta njia ya kutuma maswali mengi mfululizo bila kungoja kila jibu, na funksheni zake ni kama PQenterPipelineMode na PQpipelineSync. Tuseme mashine yako ni Ubuntu 20.04, ambayo ilikuja na PostgreSQL 12, nawe umejenga toleo jipya kwa mkono, nalo likajiweka /usr/local/pgsql kama ilivyo desturi yake. Ukaandika:

gcc wateja.c -o wateja -I/usr/local/pgsql/include -lpq

PQconnectdb inapatikana, PQexec inapatikana, PQenterPipelineMode haipatikani. Mshenga ametoka ukoo mmoja, bibi harusi ametoka mwingine. -I inaelekeza kwenye vichwa vipya, lakini hukuandika -L, na ld akaenda kuchukua libpq ya zamani ya mfumo. Ongeza -L/usr/local/pgsql/lib kabla ya -lpq na mambo yatatulia. Njia salama zaidi ni kumwachia pg_config ataje njia zote mbili:

gcc wateja.c -o wateja -I$(pg_config --includedir) -L$(pg_config --libdir) -lpq

Angalia sana hapo: usiandike pg_config --libs ukitegemea ifanye kama mysql_config. Ipo, lakini inataja maktaba zilizotumika kuijenga PostgreSQL yenyewe, na -lpq haimo. Anayetaka mstari mmoja wa kumaliza yote atumie pkg-config --cflags --libs libpq.

Mkanganyiko wa MySQL na MariaDB uko kwenye kundi hili hili. Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, pamoja na MySQL iliyokuwa mali ya Sun, Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, alikuwa ameshatoka na kuanzisha MariaDB. Miradi hiyo miwili bado inafanana sana, hadi kwenye Debian, ambayo tangu toleo la 9 inaitumia MariaDB kama chaguo lake, libmysqlclient.so inaweza kuwa kiungo tu kinachokupeleka kwenye libmariadb. Kwa programu ya kawaida hutaona tofauti. Lakini MySQL 8.0.16 iliongeza mysql_real_query_nonblocking, wakati MariaDB kazi ya aina hiyo inaifanya kwa mysql_real_query_start na mwenzake wa _cont. Ukileta msimbo ulioandikwa kwa ajili ya mmoja kwenye mashine ya mwenzake, ndoa haifungi. Amua unamwandikia nani, sakinisha maktaba yake, na usichanganye.

Mafunzo ya zamani nayo hayajaisha kuzunguka. Ukikuta mysql_connect, jua ilistaafu siku nyingi, nafasi yake ni ya mysql_real_connect. Ukikuta my_init na load_defaults, zilikuwa funksheni za ndani ambazo waandishi wa zamani walizoea kuzichokonoa, na leo hazitolewi nje ya maktaba. Acha ya kwanza kabisa, na kwa ya pili tumia mysql_options pamoja na MYSQL_READ_DEFAULT_GROUP.

Na kama lililokosekana ni jina moja tu, lisome herufi kwa herufi. C inatofautisha kubwa na ndogo: PQConnectdb siyo PQconnectdb. Kosa la namna hii kompaila alikuonya mapema kwa maneno implicit declaration of function, ila onyo lilipita juu ya skrini ukaliacha. GCC 14, ya mwaka 2024, imelifanya kuwa kosa kamili linalosimamisha kazi, jambo ambalo lingefaa kufanywa miaka mingi nyuma. Kwenye matoleo ya zamani, jenga kwa -Wall na usome kuanzia juu, wala usianzie mwisho wa skrini. Jina likiwa la funksheni yako mwenyewe, basi umesahau kulitaja faili lake, tuseme hifadhi.c, kwenye amri, au umeiandika static ndani ya faili hilo.

SQLite inahitaji neno lake. Watu wengi hawaitumii kama maktaba, bali huchukua faili moja kubwa la sqlite3.c na kulijenga pamoja na programu yao, na hiyo ni njia nzuri sana: andika gcc wateja.c sqlite3.c -o wateja na habari ya -l inaisha. Karibu inaisha. Kwenye Linux za zamani utadaiwa pthread na dlopen, nawe utaongeza -lpthread -ldl. Tangu glibc 2.34 ya mwaka 2021 vitu hivyo vimehamia ndani ya maktaba kuu ya C, na deni limefutwa. Tatizo jingine la SQLite ni kwamba baadhi ya funksheni zipo kwenye kichwa lakini mwili wake haujengwi mpaka uombe. sqlite3_column_table_name ni mojawapo: bila -DSQLITE_ENABLE_COLUMN_METADATA wakati wa kujenga sqlite3.c, hutaiona kamwe.

Sasa hali inayotisha kuliko zote kwa sura, ingawa ni nyepesi ukiijua: skrini imejaa majina ambayo wewe hukuyaandika popote. compress, uncompress, SSL_connect, floor, na mengine yanayoanza na std::. Funksheni zako zimepatikana zote. Wanaodai sasa ni maktaba yenyewe. Hii hutokea unapounganisha kwa maktaba ya kudumu, libmysqlclient.a au libpq.a. Maktaba ya .so hubeba ndani yake kumbukumbu ya jamaa inaowategemea. Ya .a ni furushi la vipande tu, halijui jamaa zake, na wewe ndiye wa kuwataja. compress ni ya zlib, ongeza -lz. SSL_connect ni ya OpenSSL, ongeza -lssl -lcrypto, kwa mpangilio huo huo kwa kuwa wa kwanza humdai wa pili. floor ni ya hesabu, -lm. std:: ni C++, kwa sababu maktaba ya MySQL ya siku hizi ina C++ ndani yake. Unganisha kwa g++ badala ya gcc, au ongeza -lstdc++ mwisho kabisa. Kwa libpq ya kudumu, pkg-config --static --libs libpq itakutajia ukoo mzima. Lakini jiulize kwanza kama unaihitaji kweli maktaba ya kudumu. Mara nyingi jibu ni hapana.

Majina yakija na mabano na aina ndani yake, mfano undefined reference to `fungua(char const*)', umechanganya C na C++. C++ hulipamba jina la funksheni kwa aina za vinavyopokelewa, na C haifanyi hivyo. mysql.h na libpq-fe.h zimeshajikinga. Cha kufunikwa kwa extern "C" ni kichwa chako mwenyewe.

Ukibaki na shaka, acha kukisia na uwaulize mafaili. gcc -print-file-name=libpq.so hukuonyesha njia kamili ya maktaba, na ikikurudishia jina tupu, ujue haikuiona. Ukishaipata njia, nm -D huorodhesha yaliyomo:

nm -D /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libpq.so | grep PQexec

Herufi T mbele ya jina ina maana mwili upo humo. Herufi U ina maana jina linadaiwa tu. Ukiipitisha nm kwenye wateja.o utaona madeni yako yote ya U, na ukiyalinganisha na T za maktaba hakuna ubishi tena. Na kama hujui ld aliokota lipi kati ya mafaili mawili yenye jina moja, ongeza -Wl,-t kwenye amri, atakutajia kila faili alilolifungua.

Kwenye Windows kosa hili linaitwa LNK2019, unresolved external symbol, na mantiki haibadiliki: libmysql.lib inatakiwa kutajwa kwenye mipangilio ya kuunganisha. Linalowasumbua zaidi watu wa Visual Studio ni mradi wa x86 kupewa maktaba ya x64. Faili limepatikana, majina yote yamekosekana. Pale juu kuna onyo la LNK4272 linaloeleza kila kitu. Linux husema skipping incompatible, nalo pia hupuuzwa.

Programu ikishajengwa, kuna mlango mmoja bado. Unaipeleka kwenye seva ya mteja, unaiendesha, na inakujibu error while loading shared libraries: libmysqlclient.so.21: cannot open shared object file. Hili si kosa la ld tena, na usirudi kuijenga upya. Programu imekwenda na kumbukumbu ya maktaba inayoitaka, na mashine ile haina maktaba hiyo, au inayo mahali pasipotafutwa. Endesha ldd ./wateja utazame mstari wenye not found. Namba iliyo mwisho ina maana yake: 21 ni ya MySQL 8.0, 20 ilikuwa ya 5.7, kwa hiyo kutengeneza kiungo cha uongo kutoka moja kwenda nyingine ni kujitafutia matatizo ya usiku. Sakinisha toleo linalotakiwa. Kama lipo kwenye njia isiyo ya kawaida, iandike njia hiyo kwenye faili la .conf ndani ya /etc/ld.so.conf.d na uendeshe ldconfig. Kwa mteja huhitaji vifurushi vya dev. Programu ya PostgreSQL inatosheka na libpq5, na upakuaji wake ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuufanya kwa simu yako ukiwa bado umesimama mbele ya meza yake.